"Naweza" kwa Kijapani: anzia kwenye kauli ya kutendeka

Wanafunzi wangu wa Kijapani wakishazoea salamu na vitenzi vya kila siku, huniuliza: "Mwalimu, 'naweza' inasemwaje?" Wanatafuta neno la kutanguliza mbele ya kitenzi, kama tunavyosema "naweza kusoma". Kijapani kwa kawaida hakiendi hivyo. Hubadilisha mwisho wa kitenzi chenyewe, na hapo Mswahili ana mtaji ambao mara nyingi hajui kuwa anao: soma, someka, pita, pitika, ona, onekana.

Umbo lenyewe si gumu. Vitenzi vya Kijapani hugawanywa katika makundi kwa jinsi miisho yake inavyobadilika. Kwa vile vya kundi la kwanza, u ya mwisho inageuka e, kisha unaongeza ru: kaku (kuandika) inakuwa kakeru, yomu (kusoma) yomeru, oyogu (kuogelea) oyogeru. Kundi la pili linadondosha ru na kuchukua rareru, kwa hiyo taberu (kula) inakuwa taberareru. Vilivyo nje ya kanuni ni viwili: kuru (kuja) ni korareru, na suru (kufanya) humpisha dekiru.

Mitaani utasikia tabereru, na mireru kutoka miru (kuona), bila ra. Katika utafiti wa Idara ya Utamaduni ya Japani wa mwaka wa fedha 2015, waliosema mireta ("niliweza kuona", bila ra) waliwazidi wa mirareta kwa mara ya kwanza, asilimia 48.4 kwa 44.6. Mimi siwaoni kuwa wanaharibu lugha. Rareru hutumika pia kwa kauli ya kutendwa, na kuiacha ra kunaondoa utata. Ila kwenye mtihani, andika rareru.

Sasa tazama kineno kinachofuata nomino. "Ninasoma kanji" (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) ni kanji o yomimasu; -masu ni mwisho wa adabu. "Naweza kusoma kanji" ni kanji ga yomemasu. O, alama ya yambwa, imeondoka, imekuja ga, alama ya kiima. Mwanafunzi akikariri tu kwamba o inageuka ga, atasahau wiki ijayo. Mwambie asikie "kwangu mimi, kanji zinasomeka", naye ataona kwa nini kanji zimepewa kiti cha kiima. Siku hizi Wajapani wengine huibakiza o, lakini anayeanza ashike ga. Vineno vya mahali havibadiliki: puuru de oyogemasu, naweza kuogelea bwawani.

Njia ya pili ni koto ga dekiru: yomu koto ga dekimasu. Koto inakigeuza kitenzi kuwa nomino, kazi ileile ya ku- yetu, na dekiru ni kuwezekana. Yaani, kusoma kunawezekana. Ni ya rasmi zaidi, na utaikuta sana kwenye matangazo na maelekezo.

Penye raha zaidi ni kwenye kuona na kusikia. Siku ya anga safi, ukiwa Tokyo, unasema Fujisan ga miemasu: Mlima Fuji unaonekana wenyewe, hukuutafuta. Ukitaka kusema kwamba nafasi ya kutazama ipo, kwa mfano filamu mpya inaonyeshwa Shinjuku, hapo ni miraremasu. Kikoeru (kusikika) na kikeru (kuweza kusikiliza) hutofautiana vivyo hivyo.

Wakaru (kuelewa) usiibadilishe kamwe. Uwezo tayari umo ndani yake, na wakareru ni kitenzi kingine kabisa, kuachana.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote linatokana na "inaweza" yetu. "Kesho mvua inaweza kunyesha" si uwezo, ni uwezekano. Mvua haina nia, na umbo la uwezo hudai mtendaji anayekusudia. Sema ashita ame ga furu kamo shiremasen. Kitenzi kinabaki katika umbo la kawaida, furu, na uwezekano unakuja mwishoni. Kabla ya kamo shiremasen pakiwa na nomino, da ("ni" ya Kijapani) huondoka: ame kamo shiremasen, labda ni mvua. Ukikichunguza hicho shiremasen, kimetoka kwa shiru, kujua, kwa mageuzi yaleyale ya u kuwa e. Maana yake ya asili ni haijulikani.