Je, wajua kwa nini rupia moja ilikuwa na pesa 64?

Enzi za Mjerumani, fedha iliyotumika Iringa na Tukuyu ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Wengi wakisikia hivyo hucheka: wazee hawakujua hesabu mpaka walipoletewa mgawo wa mia. Si kweli hata kidogo. Mgawo huo ulitoka India, ambako rupia ilikuwa na anna 16 na kila anna pesa 4, na kwa muuzaji asiye na mizani wala kalamu, 64 ni namba tamu kuliko mia.

Nenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, ukanunue viazi. Debe likikushinda utaomba nusu. Nusu ikikushinda, robo. Halafu nusu ya robo. Watu hupunguza kwa kukata katikati, maana katikati jicho hupaona lenyewe. Kugawa mafungu matano yaliyo sawasawa, hapo mtabishana. Sasa bei nayo lazima ishuke pamoja na viazi. Tuseme, kwa mfano tu, debe ni rupia moja: pesa 64, kisha 32, 16, 8, 4, 2, 1. Umekata mara sita na hakuna pesa iliyovunjika. Mia je? 50, 25, halafu 12 na nusu. Mara ya tatu tu, imekwama.

Mwaka 1904 Wajerumani waliiacha 64, rupia ikawa na heller 100. Miongoni mwa sarafu za mwanzo ikawamo ya nusu heller! Sisemi ilitengenezwa kwa ajili ya hiyo 12 na nusu, ila inachekesha.

Mia ina raha yake kwenye daftari, kugeuza heller kuwa rupia ni kusogeza nukta tu. Na 64 nayo si malaika: ndugu watatu wakigawana inabaki moja, kama ilivyo kwa mia. Paundi ya Uingereza, iliyokuwa na peni 240 hadi 1971, ingewapa 80 kila mmoja bila ugomvi.

Shilingi yetu kisheria bado ina senti 100, lakini kwenye chenji sarafu ndogo kabisa ni ya sh. 50. Kata elfu moja: 500, 250, 125. Mara ya tatu tena, na 125 hailipiki. Pengine ndiyo maana nyanya zinauzwa kwa fungu. Bei inabaki palepale, tuseme sh. 500, na msimu ukiwa mbaya zinazopunguzwa ni nyanya: fungu la nyanya tano linakuwa la nyanya tatu.