Katuni huru za YouTube na mashabiki wadogo: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Ni katuni, basi ni ya watoto." Dhana hii ndiyo yenye madhara kuliko zote, ingawa asili yake inaeleweka. The Amazing Digital Circus, katuni huru (yaani isiyotoka kwenye kampuni kubwa za filamu au televisheni) iliyoanza YouTube tarehe 13 Oktoba 2023 kupitia studio ya Glitch ya Australia, imejaa rangi za pipi na hema la sarakasi. Kisa chenyewe ni cha watu walionaswa ndani ya mchezo wa kompyuta, wakasahau majina yao, na akili zinawatoka mmoja baada ya mwingine. Hazbin Hotel, ambayo kipindi chake cha majaribio kilitoka Oktoba 2019, hutokea jehanamu, na ina matusi na ngono waziwazi. Hizi mbili zisitiwe kapu moja. Kijana wa miaka 13 aweza kuifuata ya kwanza. Ya pili si yake.

"Video isiyo ya watoto maana yake ni ya 18+." Hapana, hizo ni alama mbili. Ya kwanza inatokana na sheria ya Marekani ya 1998 inayolinda taarifa za watoto walio chini ya miaka 13. Septemba 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kwa madai ya kukusanya taarifa hizo bila ridhaa ya wazazi. Tangu Januari 2020 kila mwenye chaneli, awe Sydney au Mombasa, hana budi kutaja kama video yake imelengwa kwa watoto. Ikiwa ni ya watoto, sehemu ya maoni hufungwa, na matangazo yanayofuata tabia za mtazamaji huondolewa. Alama hiyo basi inahusu taarifa na matangazo, haipimi damu wala matusi. Zuio la 18+ liko mbali nayo: video haifunguki mpaka mtu aingie kwa akaunti yenye umri huo. Katikati ya alama hizo pana uwanja mpana, na katuni nyingi huru zimo humo. Kipimo cha haraka ni kuteremka chini ya video. Ukikuta watu wanatoa maoni, haijawekwa kundi la watoto.

Kwa mtoto wa miaka sita au saba, hatari mara nyingi haiko hata kwenye kipindi halisi. Mhusika akishapendwa, chaneli nyingine humchukua na kumtia katika vipande vya ovyo vya vipigo, sindano na mimba. Picha ya jalada hufanana kabisa na ya kweli, kwa hiyo gusa jina la chaneli uone ni ya nani. Ulinzi ulio imara zaidi ni YouTube Kids ikiwekwa hali ambayo mtoto huona tu yale ambayo mzazi ameyachagua.

"Nikiandika 'haki zote ni za mwenyewe', naruhusiwa kupakia tafsiri yangu." Maneno hayo hayana kinga yoyote. Tumezoea DJ kutafsiri filamu juu ya sauti, lakini mfumo wa YouTube hutambua picha na muziki uliobaki chini. Dai la kawaida huweza kuzuia video au kupeleka mapato kwa mwenye kazi. Onyo rasmi la hakimiliki ni zito zaidi, na yakifika matatu ndani ya siku 90 chaneli huweza kufungwa.

Hadi 28 Septemba 2020 shabiki yeyote aliweza kupendekeza manukuu (maandishi ya maneno yasemwayo, chini ya video) moja kwa moja. YouTube ikaiondoa huduma hiyo, na lugha ndogo zikaumia. Njia iliyobaki ni kuandika faili la SRT (maandishi ya manukuu pamoja na muda wa kila moja kuonekana), kuomba ridhaa, na mwenye chaneli alipakie au akupe ruhusa ya mhariri wa manukuu. Sekunde hutenganishwa na sehemu zake kwa mkato (00:00:04,500). Ukiweka nukta, programu nyingine hulikataa faili. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 42 hivi. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo fupisha maana badala ya kuibana sentensi nzima. Jambo jingine: "yeye" haionyeshi jinsia, na mzaha unaotegemea jinsia ya mhusika utapotea usipoongeza jina au cheo.

"Kudanganya umri Discord hakumdhuru mtu." Discord, programu ya kuzungumza katika makundi, hutaka angalau miaka 13, na vyumba vya 18+ vimefungwa kwa sababu. Mtoto aliyejiandikisha kuwa na miaka 19 huchanganywa na watu wazima wanaozungumza naye kama mtu mzima mwenzao, na anayetafuta watoto hupata kisingizio. Zima ujumbe wa faragha kutoka kwa wanachama wa seva (kundi la Discord). Dalili za kuogopa ni mtu kumtoa mtoto kwenye chumba cha wote, kumwomba picha, kisha kumwambia iwe siri. Hapo piga picha za skrini na uripoti ujumbe wenyewe kabla ya kumzuia, maana mtumaji anaweza kuufuta wakati wowote.