Kabla ya kutafsiri mistari ya marapa wa Palestina

Tangu klipu za marapa wa Palestina zianze kuzunguka zikiwa na tafsiri za Kiswahili, dawati letu la uhuru wa sanaa limepokea maswali mengi na malalamiko pia. Tunajua wengi wanaandika kwa nia njema. Lakini tuelewane: hizi si kaswida, wala si nyimbo za jeshi. Hii ni hip hop, na baadhi ya wanaoichana hawajawahi hata kuishi Gaza.

DAM, kundi lililofungua njia, ni la Lod, mji ambao Wapalestina huuita al-Lidd, ndani ya Israeli yenyewe. Waasisi wake, Tamer Nafar, mdogo wake Suhell na Mahmoud Jreri, ni raia wa Israeli, na huchana kwa Kiarabu na hata Kiebrania. Wimbo wao "Min Irhabi", yaani "Nani gaidi?", ulitoka 2001 wakati wa Intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya Israeli, ukapakuliwa zaidi ya mara milioni moja. Mwaka 2012 wakachana kuhusu binti anayeuawa na ndugu zake mwenyewe, na baadhi ya wasomi wakawakosoa kwamba wameuacha ukaliaji wa Israeli, yaani kuzikalia kwake ardhi za Wapalestina, nje ya kisa. Anayetuandikia kuwa marapa hawa wana mada moja tu hajawasikiliza.

Lalamiko linalorudi kila wiki ni kwamba rapa fulani "ameogopa", eti amepunguza makali. Hapo inabidi kujua sheria. Rapa wa Lod anabanwa na sheria ya Israeli ya kupambana na ugaidi ya 2016: uchochezi ni kifungo cha hadi miaka 5, na kuonyesha kuliunga mkono kundi lililopigwa marufuku ni hadi miaka 3. Mwenzake wa Ukingo wa Magharibi yuko chini ya amri za jeshi la Israeli. Amri namba 101 ya 1967 inataka kibali cha kamanda kwa mkusanyiko wa kisiasa wa watu 10 au zaidi, na pia kwa kuchapisha maandishi ya kisiasa. Adhabu yake hufika miaka 10. Uchochezi nao uko kwenye amri namba 1651, na kesi husikilizwa na mahakama ya kijeshi. Mlowezi Muisraeli anayeishi kilima cha pili hushtakiwa katika mahakama ya kiraia. Juu ya hayo, Mamlaka ya Palestina, yaani serikali ya Wapalestina wenyewe huko Ukingo wa Magharibi, ina sheria yake ya makosa ya mtandao ya 2018. Na huko Gaza, mwaka 2010, polisi wa Hamas walisimamisha tamasha la hip hop. Kwa hiyo msimwite mtu mwoga kabla ya kujua anaishi wapi.

Sasa tafsiri, ambayo ndiyo inayotusumbua zaidi. Dareen Tatour si rapa, ni mshairi kutoka Reineh, karibu na Nazareth. Alikamatwa Oktoba 2015 kwa shairi na maandishi aliyoweka mtandaoni, na 2018 akahukumiwa kifungo cha miezi 5. Tafsiri ya Kiebrania iliyotumiwa na upande wa mashtaka ilifanywa na askari polisi, na ubishi mkubwa ukawa juu ya neno shahid. Mei 2019, mahakama ya rufaa ilifuta hatia iliyohusu shairi hilo. Kifungo alikuwa ameshakitumikia.

Neno hilo linatuhusu sisi moja kwa moja. Mswahili akisikia "shahidi" anaona mtu kizimbani anayetoa ushahidi. Mpalestina humwita hivyo kila aliyeuawa na upande wa pili, awe mpiganaji au mtoto mchanga aliyefia kitandani. Tumeona klipu moja ikiandikwa "shahidi wa kesi", nyingine "mpiganaji wa jihadi", na mstari ulikuwa wa kumlilia mtoto. Anayetafsiri aweke Kiarabu juu ya Kiswahili chake, na neno asilolijua aliache kwa Kiarabu. Jina la mtaa wa rapa, kama yeye mwenyewe hakulitaja, lisiandikwe.