Mfuko wa mafuta kwenye boti: ujae au uwe mtupu

Wenye boti za kuvulia wanaotoka Dar es Salaam kwenda visiwa vya Latham au Mafia wakiniletea habari za mifuko ya mafuta, yaani matangi laini ya akiba yanayolazwa juu ya sitaha, swali lao la kwanza ni hili: "Fundi, hautapasuka?" Mfuko wa mafuta wa kweli, wa kitambaa cha nailoni kilichopakwa poliyurethani, haupasuki kirahisi. Mimi naogopa zaidi uzito wake, na jinsi uzito huo unavyohama.

Mashine mbili za petroli za nguvu-farasi 115 zikifunguliwa mpaka mwisho hunywa karibu lita 80 kwa saa. Mfuko wa lita 200 unakupa saa mbili na nusu za ziada, lakini umepakia karibu kilo 150 juu ya sitaha. Hao ni abiria wawili wazima, tofauti ni kwamba abiria ukimwambia akae katikati anakaa. Punguza watu au barafu. Usiongeze mfuko juu ya mzigo uleule.

Ukijaa, mafuta hayana pa kwenda. Ukibaki nusu, boti ikilala ubavu mafuta hukimbilia upande huohuo, na boti inachelewa kuinuka. Hapo upana ndio mbaya kuliko urefu. Badala ya mfuko mmoja wa upana wa mita moja, weka miwili ya nusu mita yenye urefu uleule, na athari ya kuhama huko inashuka hadi robo. Ndiyo maana nachagua mifuko myembamba, inayolazwa tezi kwa omo (nyuma hadi mbele), usawa wa mkuku, ule uti wa katikati chini ya boti, na kufungwa kwa mikanda mipana kwenye pete zilizopigiwa bolti. Kamba ya nanga iliyobaki haifai kazi hii.

Utaratibu wangu basi ni huu: usianze kuhamisha mafuta ya mfuko mpaka tangi kuu liwe na nafasi ya kupokea mfuko mzima. Bahari ikiwa tulivu, hamisha wote kwa mkupuo mmoja, kisha ukunje. Ukihamisha kidogo kidogo, utakuwa na mfuko uliojaa nusu kwa safari nzima, na kusi likivuma utaujua. Mfuko wenyewe hauhitaji tundu la hewa, maana unanywea kadiri mafuta yanavyotoka. Ila tundu la hewa la tangi kuu lazima liwe wazi. Na ukizima pampu, funga koki pia. Mfuko ukiwa juu ya tangi, mafuta huendelea kuteremka yenyewe, na tangi likijaa yatamwagika baharini.

Wakati wa kujaza, toa hewa yote. Mfuko usio na hewa hauna pa kukusanya mvuke, na hapo unalishinda dumu. Lakini usiujaze mpaka ukakamae: lita 200 za petroli zikipata joto nyuzi 15 zaidi huongezeka karibu lita 3. Jaza polepole, mdomo wa bomba ukigusa chuma cha mfuko, kwa sababu mafuta yanayokimbia ndani ya mpira huzaa umeme tuli unaoweza kutoa cheche.

Petroli iwe juu ya sitaha, penye upepo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, huteremka kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti panapokusanyika maji, na humo ndimo ilimo pampu ya umeme ya kutolea maji. Dizeli ina uvumilivu zaidi, ingawa nayo ikimwagika sitahani inamtelezesha mtu.

Halafu kuna wanaonunua mfuko wa maji kwa kuwa ni bei nafuu na unafanana. Petroli hulainisha plastiki yake na kuziachanisha sehemu zilizogandishwa. Sifungi mfuko huo, hata mteja akinuna.

Safari ikiisha, anika mfuko kivulini, koki wazi, mbali na jiko na sigara, kabla ya kuukunja. Jua huuchakaza. Na usiulaze kwenye kabini wanamolala watu, kwa sababu mfuko wa petroli uliokwisha kumiminwa bado una mvuke wa kutosha kuwaka.