Sepsisi: Namba ya Leo Isomwe Pamoja na ya Jana

Ndugu wa mgonjwa mara nyingi huuliza kwa nini anatolewa damu kila siku. Katika sepsisi, yaani pale mwili unapopambana na maambukizi hadi ukaanza kuumiza viungo vyake wenyewe, hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotosha kuithibitisha wala kuikanusha.

CRP, protini inayotengenezwa na ini mwili unapopata maambukizi au jeraha, huanza kupanda baada ya saa 6 hivi na kufika kilele karibu na saa 48. Aliyeanza homa asubuhi anaweza kupimwa mchana, CRP ikawa chini, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na usiku akazidiwa. Prokalsitonini, protini nyingine ya damu inayopanda hasa kwa maambukizi ya bakteria, huwahi zaidi, na maambukizi yakidhibitiwa hupungua kwa nusu takriban kila saa 24. Kwa maoni yetu, faida yake kubwa ni katika kuamua antibayotiki zisimamishwe lini: kwa mgonjwa mahututi aliyetengemaa, daktari huangalia kama imeshuka kwa asilimia 80 kutoka kilele chake, au imefika chini ya 0.5 ng/mL. Isitumike kamwe kuchelewesha dawa. Shinikizo la damu likiwa limeporomoka, antibayotiki ianze ndani ya saa 1.

Huku kwetu kuna mtego wa malaria. Malaria kali hupandisha CRP na prokalsitonini pia, sawa na upasuaji mkubwa au kuungua moto. Na kipimo cha malaria kikisoma chanya, hasa kwa mtoto, bado bakteria wanaweza kuwemo.

Lakteti, kemikali inayoongezeka kwenye damu viungo vinapokosa oksijeni ya kutosha, ikizidi 2 mmol/L, irudiwe ndani ya saa 2 hadi 4 kuona kama inashuka. Hapa ndipo makosa ya utoaji damu yanapoponza: chembe za damu huendelea kutumia sukari na kuzalisha lakteti ndani ya tyubu, kwa hiyo sampuli iliyosahaulika mezani hutoa namba ya uongo. Tumia tyubu ya floraidi yenye kifuniko cha kijivu, iweke kwenye barafu, ipelekwe maabara mara moja.

Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, ilimradi dawa isicheleweshwe: kwa mtu mzima mL 8 hadi 10 kila chupa, kutoka sehemu mbili tofauti za mwili. Chupa ikitiwa mL 2 tu, majibu yanaweza kurudi “hakuna kilichoota” ilhali bakteria wamo.