Kikombe cha mgonjwa wa TB hakina hatia

Hapa Kisumu, mtu akipatikana na TB, kitu cha kwanza kutengwa ni kikombe. Nimekiona kimoja Nyalenda: cha bati, cha buluu, kimefungwa uzi mwekundu na kuning'inizwa peke yake nyuma ya mlango. Hata kabati kimenyimwa.

TB haisambai kwa vyombo wala kwa kusalimiana. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, akiongea au akiimba, hutoa chembe ndogo mno zinazoelea hewani kwa muda mrefu. Anayezivuta ndiye yuko hatarini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Richard Riley na wenzake huko Baltimore, Marekani, walielekeza hewa ya wodi ya TB kwenye vizimba vya wanyama wadogo wa maabara. Wanyama hao hawakugusa sahani wala shuka ya mgonjwa yeyote. Waliambukizwa, kwa hewa tu.

Basi cha kuangalia ni dirisha. Lile la chumba kile lilizibwa kwa gunia, eti baridi isimwingie mgonjwa. Litoeni. Watoto wapimwe. Dawa humezwa kwa kawaida miezi 6, bure katika vituo vya serikali, na zikimezwa sawasawa uwezo wa kuambukiza hushuka haraka.

Kikombe? Kiosheni tu, kirudi kabatini.