Je, wajua kwa nini skonzi za matunda huharibika zikikandwa?

Muulize mtu aliyezoea kupika maandazi kwa nini skonzi zimetoka bapa na ngumu, naye atakupa moja ya sababu mbili: unga haukukandwa vya kutosha, au bekingi poda ilikuwa kidogo. Zote mbili zinaingia akilini. Lakini mara nyingi kilichotokea ni kinyume chake: unga umekandwa kupita kiasi, na poda ilikuwa ya kutosha tangu mwanzo.

Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Skonzi zinazouzwa madukani Kenya na Tanzania, zile laini za kuchambuka kama mkate, huumuliwa kwa hamira, na hamira inataka mkono wa kukanda. Hapa tunazungumzia zile za Kiingereza, nene na fupi, zenye zabibu kavu ndani, za kuliwa na chai ya alasiri pamoja na siagi, au jemu na krimu. (Kusini-magharibi mwa Uingereza, watu wa jimbo la Devon hupaka krimu kwanza, wa Cornwall jemu kwanza. Ubishi wao haujaisha, na oveni haijali.) Asili yake ni Uskoti, zilikokuwa bapa na kupikwa juu ya chuma cha moto. Urefu zilionao leo umetokana na bekingi poda, aliyoitengeneza Alfred Bird wa Birmingham mwaka 1843 kwa sababu mkewe hakuweza kula vitu vya hamira. Kwa poda hiyo, kukanda hakuhitajiki. Mazoea ya mikono ndiyo yaliyobaki.

Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji hushikana na kuwa gluteni. Kadiri unavyokanda, ndivyo nyuzi za gluteni zinavyorefuka na kukaza. Mkate na andazi la hamira vinazihitaji, kwa kuwa hamira hutoa gesi polepole, saa nzima au zaidi, na lazima pawe na kitu cha kuizuia isitoroke muda wote huo. Bekingi poda haina subira hiyo. Sehemu yake huanza kutoa gesi mara maziwa yanapogusa unga, na iliyobaki hufanya kazi ndani ya oveni. Dakika kumi na tano, mambo yamekwisha.

Aliyewahi kusukuma chapati ameshaiona gluteni ikifanya ukaidi wake. Donge lililotoka kukandwa sasa hivi halisukumiki: unalipeleka mbele, linajirudisha nyuma. Ukilifunika kwa nusu saa, linalegea na kutii. Skonzi iliyokandwa huingia ovenini ikiwa bado katika hali ya donge lile la kwanza. Gesi na mvuke vinaisukuma ipande, nyuzi zinaivuta irudi, na hakuna nusu saa ya kungoja zilegee, kwa sababu kwenye digrii 220 uso umeanza kukauka na wanga unaganda. Hapo ndipo zinapotoka skonzi fupi zenye kutafunika kama mkate wa jana. Gesi ilikuwapo, ila haikupewa nafasi.

Ndiyo maana kuongeza poda hakusaidii. Gesi ikizidi, vipovu huungana na kupasuka kabla unga haujashika, skonzi hupanda kisha hunywea, na ulimi hubaki na ladha ya sabuni. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni dogo na gesi hutanuka zaidi, kwa hiyo unaweza hata kuipunguza kidogo. Poda hustahili lawama ikiwa imechakaa tu, jambo ambalo hutokea upesi kwenye hewa yenye unyevu ya Pwani kopo likishafunguliwa. Tia nusu kijiko kwenye maji ya moto: isipochemka kwa povu, itupe.

Vipimo vya skonzi nane hivi ni gramu 225 za unga, vijiko 3 vya chai vya bekingi poda vilivyosawazishwa, chumvi kidogo, siagi gramu 50, sukari gramu 25, zabibu kavu gramu 75 na maziwa mililita 150. Ukiwa na mtindi badala ya maziwa, punguza kijiko kimoja cha poda na utie robo kijiko cha chai cha bekingi soda, kwa kuwa asidi ya mtindi inahitaji kitu cha kupambana nacho. Washa oveni mapema. Dakika ishirini si nyingi.

Siagi ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya gluteni. Unapoifikicha na unga, mafuta hufunika chembe za unga na kuchelewesha maji yasizifikie. Lakini lazima iwe baridi. Siagi huyeyuka kati ya digrii 32 na 35, na jiko la Mombasa au Dar es Salaam wakati wa mchana haliko mbali na hapo. Ikiyeyuka, unabaki na uji wa mafuta unaotanda kwenye trei. Weka unga na vipande vya siagi kwenye friza kwa dakika 15, kisha fikicha kwa ncha za vidole, maana viganja vina joto. Simama inapofanana na chenga za mkate. Vipande vichache vya ukubwa wa punje ya dengu viache, vitayeyuka ovenini na kuacha nafasi zitakazojaa mvuke. Majarini laini ya kupaka ina maji mengi na haifai kazi hii.

Sukari na zabibu huingia sasa, kabla ya maziwa. Ukizitia baadaye utalazimika kuuvuruga unga upya ili zienee. Mimina karibu maziwa yote kwa mara moja, changanya kwa kisu butu, na uache mara tu unga mkavu unapoisha. Utaonekana mchafu na wenye kunata. Ndivyo unavyotakiwa uwe. Umwage mezani penye unga kidogo, ukunje mara tatu au nne, kisha uupapase kwa mkono mpaka unene wa sentimita 2.5. Chini ya hapo, hakuna oveni itakayouokoa.

Kukunja huko si kukanda, lakini pia si bure. Unga usioguswa kabisa hutanuka pembeni na skonzi humeguka ukizishika, kwa hiyo gluteni kidogo inahitajika. Tena wapo waokaji wa Uingereza wanaotumia unga wa mkate wenye protini nyingi, na skonzi zao hupanda vizuri. Wao pia hukunja tu. Inaelekea mkono una uzito kuliko aina ya unga.

Wakati wa kukata skonzi, wengi husisitiza kwamba ukizungusha kikatio unaziba kingo na skonzi haipandi. Ushahidi wa hilo ni hafifu. Waliolinganisha hawakupata jibu moja. Lenye uhakika zaidi ni kwamba mdomo wa glasi ni butu na hukandamiza kingo, na kwamba yai au maziwa ya kupaka yakichuruzika ubavuni huganda na kuifanya skonzi ipande upande mmoja. Tumia kikatio chenye makali, paka juu tu, zipange zikikaribiana, uoke dakika 12 hadi 15.

Tunda kavu lenyewe ni mnyonyaji: huchukua maji kutoka kwenye skonzi inayolizunguka. Kabla ya kuanza, loweka zabibu kwenye chai ya moto dakika 20, zichuje na uzikaushe kwa kitambaa. Zilizochomoza juu zizamishe kwa kidole, la sivyo huungua na kuwa chungu. Tende zilizokatwa ndogo na kupakwa unga hufaa sana, pengine kuliko zabibu. Embe lililokaushwa pia. Nanasi bichi liache: lina maji mengi, na kimeng'enya chake hukata protini, yaani huenda mbali kupita ule udhaifu wa gluteni tunaoutaka.

Ziliwe siku hiyo hiyo. Friji huharakisha wanga kukakamaa, hivyo za kesho weka kwenye friza zikiwa mbichi na zimeshakatwa, uzioke bila kuyeyusha barafu, ukiongeza dakika tatu au nne.